Mitaro, barabara, bustani na vivuko Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mvua zikianza Desemba: kwenye mikutano ya mitaa, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye magrupu ya WhatsApp. Mengi yanakosa majibu kwa sababu yanapelekwa mlango usio wake, ndiyo maana tunaanza na milango. Majibu yamepewa namba ili pale jambo lilipokwisha kuelezwa tukuelekeze huko badala ya kulirudia.

## Nani anahusika na nini

1. Barabara ya mtaani kwetu ni ya nani: halmashauri, TARURA au TANROADS?

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000 na uko chini ya wizara ya ujenzi. Ile inayotoka Mtwara kupita Mingoyo kwenda Dar es Salaam, ile ya Masasi kuelekea Songea, na ile ya Mtwara–Newala–Masasi, zote ni zake. Zilizobaki, yaani za mitaani, za kuunganisha kata na za vijijini, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ulioanza kazi Julai 2017 chini ya TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Kabla ya 2017 barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa mhandisi wa halmashauri, na mazoea hayajafa. Watu wengi bado wanapeleka malalamiko ya mashimo kwa mkurugenzi wa manispaa, barua inapigwa muhuri wa kupokelewa, kisha inalala. Anza na mtendaji wa mtaa au wa kijiji, umuulize barabara yako iko kwenye orodha ya nani. Asipojua, meneja wa TARURA wa wilaya anajua.

2. Kama barabara si za halmashauri, diwani wetu ana kazi gani?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. TARURA hupokea vipaumbele kutoka halmashauri, na baraza la madiwani ndipo vipaumbele hivyo vinapojadiliwa. Barabara ambayo haikusemwa na mtaa, haikupita kamati ya maendeleo ya kata wala kutajwa na diwani, haina wa kuisemea meneja anapogawa fedha kidogo alizonazo.

Muda ndio unaotuponza. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini bajeti hupikwa mapema: halmashauri huandaa mipango mwishoni mwa mwaka wa kalenda na kuipitisha miezi ya mwanzo wa mwaka unaofuata, ili Aprili TAMISEMI iwasilishe yake bungeni. Ukisimama Machi, maji yakiwa kiunoni, kudai mtaro, fedha unazozidai zilikwisha kupangwa mwaka mzima nyuma, na za mwaka ujao nazo zimekaribia kufungwa. Mkutano wa kuusemea mtaro ni ule wa Septemba au Oktoba, jua linawaka na hakuna anayefikiria mafuriko. Nenda na majirani.

3. Na mitaro je?

Mtaro wa kando ya barabara ni wa mwenye barabara, kwa hiyo rudi swali la 1. Makalavati ni hivyo hivyo. Usafi, takataka na uamuzi wa wapi nyumba zijengwe ni vya halmashauri. Kwa hiyo mtaro mmoja unaweza kuwa umejengwa na TARURA na kuzibwa na taka ambazo halmashauri haikuzizoa, na kila ofisi itakuonyesha mwenzake. Kwa mtaro wa namna hiyo andika barua moja yenye nakala kwa wote wawili, kila mmoja aone jina la mwenzake.

## Fedha zinatoka wapi

4. Halmashauri inapata wapi fedha za miradi?

Kuna mafungu matatu. La kwanza ni mapato ya ndani: ushuru wa masoko na stendi, leseni za biashara, ushuru wa mazao, na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni. Asilimia 10 ya mapato haya hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. La pili ni ruzuku kutoka serikali kuu. La tatu ni miradi ya mikopo ya nje (swali la 7).

Barabara zina mfuko wake. Ukijaza mafuta kwenye bodaboda yako pale Magomeni ya Mtwara unachangia Mfuko wa Barabara, ambao mgawo wake umekuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA, kwa kuwa ile 30 ilikuwa haitoshi hata kuchonga barabara za udongo.

5. Korosho inauzwa kwa mabilioni kila msimu, mbona mitaro ya mjini imeziba?

Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya mkulima, hulipwa na mnunuzi, na unaenda halmashauri ilikovunwa korosho. Mikorosho mingi iko Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu, na upande wa Lindi iko Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Manispaa ya Mtwara-Mikindani ina bandari ambako korosho inapakiwa, lakini mashamba ni machache. Lori la Tandahimba linalochimba barabara ya manispaa limeshalipa ushuru wake nyumbani.

Hata kwa halmashauri za korosho, fedha hizo huja kwa mkupuo kuanzia Oktoba hadi Januari, na bei ikianguka mnadani bajeti nayo inaanguka. Halmashauri inayotegemea zao moja haiwezi kuahidi mtaro wa miaka mitatu. Gesi ni hadithi hiyo hiyo: visima vya Mnazi Bay na mtambo wa Madimba viko Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, Songo Songo iko Kilwa. Ushuru wa huduma unafuata mahali kazi ilipo.

6. Nakatwa kodi ya jengo kila nikinunua umeme. Inarudi kwetu?

Makato ya LUKU yalianza 2021, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo hukusanywa kwa niaba ya serikali kuu, kisha sehemu yake hurejeshwa kwa halmashauri. Kwa hiyo usidhani kila shilingi uliyokatwa iko kwa mkurugenzi wako.

7. TSCP na TACTIC ni nini? Ni msaada au mkopo?

Ni miradi ya kujenga miji kwa mikopo ya Benki ya Dunia kwa Serikali ya Tanzania, na mikopo hiyo italipwa na sote. TSCP ilianza 2010 ikahudumia miji saba: Arusha, Dodoma, Kigoma-Ujiji, Mbeya, Mtwara-Mikindani, Mwanza na Tanga. Lami, mitaro ya mawe na taa nyingi unazoziona Mtwara mjini zimetoka huko. Lindi ilikuwa kwenye mradi ndugu, ULGSP, uliokuwa wa miji 18. TACTIC ndiyo iliyofuata, ikiwa na miji 45.

Miradi hii inajenga, haifagii. Mkopo ukiisha, kuzibua mtaro kunarudi kwenye mapato ya ndani na kwenye ile 30 ya Mfuko wa Barabara. Binafsi naona hapa ndipo pesa yetu nyingi inapopotea: tunakopa kujenga mtaro wa mamilioni, halafu tunakosa vibarua sita wenye makoleo mwezi Novemba.

## Maji ya mvua

8. Bahari iko hapo hapo, mbona maji yanatuama Mtwara mjini?

Kwa sababu mji ni tambarare, na maji hayaendi popote bila mteremko. Mtwara ilipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ndiyo maana ina barabara pana kuliko miji mingi ya pwani. Nyumba zilizofuata zilijaza mabonde madogo ambayo zamani maji yalikuwa yakikaa na kuzama taratibu mchangani.

Sababu ya pili ni bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Simama kwenye mdomo wa mtaro wowote unaomwaga baharini, saa maji yamejaa. Utaona maji ya chumvi yakiingia ndani ya mtaro kinyumenyume, yamebeba chupa za plastiki na makumbi ya nazi, yakikutana na maji ya mvua yanayoshuka. Yakikutana yanasimama, na mchanga uliokuwa ukibebwa unatua pale pale. Maji yakipwa, mdomo umekwisha kuwa na kizingiti cha mchanga. Mvua ya muda wa saa mbili wakati wa maji mafu inapita salama. Mvua hiyo hiyo ikiangukia bamvua la jioni, watu wanalala juu ya meza. Mtaro wa pwani unahitaji kusafishwa mdomo wake kila mara, na mjenzi anatakiwa aangalie jedwali la maji ya bahari kabla hajaamua kimo cha sakafu ya mtaro.

9. Lindi je, nako ni hivyo hivyo?

Kwa sehemu. Mji wa Lindi umebanwa kati ya ghuba na kilima cha Mtanda. Maji yanashuka kwa kasi yakiwa na udongo, yanafika chini kwenye tambarare na kukutana na bahari. Shida kubwa iko juu: kila anayekata mlima kujenga msingi bila ukuta wa kuzuia udongo anapeleka ule udongo kwenye mitaro ya walioko chini. Kuzibua chini bila kugusa juu ni kazi ya kila mwaka. Kingo za mawe, nyasi na miti kwenye miteremko ni rahisi kuliko katapila, na hapo halmashauri ina nguvu kupitia vibali vya ujenzi kama ikitaka kuitumia.

10. Mtaro umejengwa mwaka jana, mbona mafuriko kwetu yameongezeka?

Kuna uwezekano wa mambo matatu: mtaro umeishia njiani kwa sababu fedha ya awamu ya pili haijafika, mtaa wa juu nao umewekewa lami, hivyo maji yaliyokuwa yakizama sasa yote yanakuja kwenu, au kalavati la mbele ni dogo kuliko mtaro unaoliingia. Tembea na mtaro hadi unapoishia, piga picha kila kalavati, uende nazo kwa mhandisi. Maji yanayoingia ndani kwako kwa sababu ya kimo cha barabara yana jibu lake, swali la 18.

11. Mikoko ina uhusiano gani na mafuriko?

Mizizi yake inavunja nguvu ya mawimbi na kushika matope. Ghuba ya Mikindani, mdomo wa Mto Lukuledi hapo Lindi na mlango wa Mto Ruvuma vyote vina mikoko. Ni misitu ya hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuikata bila kibali ni kosa. Kujaza kifusi kwenye mikoko ili upate kiwanja cha ufukweni ni kosa pia, hata kama mwenyekiti amekuandikia karatasi ya mauziano.

12. Nilinunua kiwanja bondeni kwa karatasi ya serikali ya mtaa. Nina haki gani?

Karatasi ile inathibitisha kwamba ulimlipa fulani. Haithibitishi kwamba pale panafaa kujengwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari, na ukibomolewa ndani ya hizo mita fidia ni ngumu. Kabla hujatoa fedha nenda idara ya ardhi ya halmashauri uulize eneo limepangwa kuwa nini. Pia pita pale mwezi wa Machi. Wauzaji wengi wa viwanja vya bondeni hupenda kuvionyesha Agosti.

13. Kimbunga kikija nani anatangaza, na nani anatuhamisha?

Anayetangaza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kuhamisha watu ni kazi ya kamati za maafa, ambazo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 zipo kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Muulize mtendaji wako kamati ya mtaa wenu ni kina nani. Akihesabu vidole na kukwama, jua haijakaa.

Wanaosema vimbunga havifiki huku wakumbuke Aprili 1952, Lindi ilipopigwa. Aprili 2019 Kenneth kilituelekea kisha kikapiga kaskazini mwa Msumbiji. Shule za Mtwara zilifungwa na watu wakahamishwa, na baadaye wengine wakacheka kwamba walihangaika bure. Mwanzoni mwa Mei 2024 kikaja Hidaya, mvua zake zikakata barabara Kilwa (swali la 16).

## Bustani na maeneo ya wazi

14. Kwa nini tujenge bustani wakati mitaro haitoshi?

Swali la haki, na mara nyingine lawama ni ya kweli: bustani iliyosakafiwa yote kwa vigae vya saruji, ikawekwa sanamu na miti minne, haimsaidii mtu wakati wa mvua. Lakini bustani yenye udongo na nyasi, iliyo chini kidogo kuliko barabara, inapokea maji kwa saa kadhaa na kuyazamisha. Kwenye ardhi ya mchanga kama ya Mtwara hiyo ni kinga ya bei nafuu. Uwanja wa mpira wa mtaani unafanya kazi hiyo hiyo bila kuitwa mradi. Kwa hiyo ukiletewa mchoro wa bustani kwenye mkutano, uliza maji ya mvua yataingilia wapi na kutokea wapi.

15. Eneo la wazi la mtaa limeanza kujengwa fremu. Tufanye nini?

Nendeni ofisi ya mipango miji mkaone ramani iliyoidhinishwa. Kama eneo limechorwa kuwa la wazi, kubadilisha matumizi kunataka utaratibu chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ukiwamo kuwatangazia watu, na majirani wana haki ya kupinga kwa maandishi. Pingeni mapema, msingi ukiwa bado haujafika usawa wa dirisha. Fremu ikishapata mpangaji na leseni ya biashara, halmashauri inaanza kuona ushuru, na hapo mnapigana na mapato yake.

## Usafiri

16. Barabara ya Dar ikikatika, kwa nini halmashauri haifanyi kitu?

Ni ya TANROADS (swali la 1), na madaraja yake yako nje ya uwezo wa halmashauri yoyote ya kusini. Mei 2024 barabara ilikatika Somanga na Mikereng'ende, wilayani Kilwa, na abiria wakakwama njiani huku bei za bidhaa zikipanda Lindi na Mtwara. Tuna Daraja la Mkapa tangu 2003, lakini barabara ni imara kwa kadiri ya kalavati lake dogo kabisa. Halmashauri inaweza kuwahudumia waliokwama.

17. Kivuko kikiharibika tumlalamikie nani?

MV Mafanikio ya Msangamkuu na MV Kitunda ya Lindi ziko chini ya TEMESA, wakala wa serikali kuu. Barabara ya kufikia gati, taa na kibanda cha kusubiria ni mambo ya kudai hapa hapa, kupitia swali la 2. Mgonjwa anayesubiri kivuko usiku akipigwa na mvua hapaswi kusubiri bajeti ya wakala.

## Mambo yenye utata

18. Barabara mpya imeinuliwa na sasa maji yanaingia kwangu. Nitalipwa?

Wahi kabla mkandarasi hajaondoka. Akiwa bado na greda pale, kufungua njia ya maji ni kazi ya siku moja. Weka alama ya mkaa ukutani pale maji yalipofika, piga picha zenye tarehe, andika kwa msimamizi wa mradi, nakala kwa mtendaji na diwani. Mkandarasi akishaondoka bado kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambacho sehemu ya fedha zake inazuiliwa hadi kasoro zirekebishwe. Nyufa za lami na mitaro iliyobomoka zidaiwe humo humo. Fidia ya vitu vilivyoharibika ni safari nyingine, na inaanza na picha zile zile.

19. Nyumba imepigwa X. Nyekundu na kijani zina tofauti gani?

Kwenye barabara za TANROADS, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliye ndani ya 22.5 hupigwa X nyekundu na huondoka bila fidia. Aliyekutwa na upanuzi, kati ya 22.5 na 30, hupigwa ya kijani na hulipwa eneo likihitajika. Hesabu yake haiishii kwenye thamani ya nyumba na mazao. Kuna posho ya usumbufu, usafiri, na kodi ya makazi ya miezi 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, yanadaiwa na riba. Hesabu minazi na mikorosho yako mwenyewe kabla ya mthamini, na usisaini fomu yenye nafasi tupu.

20. Ofisi inakataa kutuonyesha gharama za mradi.

Andika ombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Bango la mradi likiwa limesimama, lipige picha siku ya kwanza, maana mabango hayo hupenda kuangushwa na upepo. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hutolewa kila Aprili na inataja halmashauri kwa majina.

21. Tukichanga na kuchimba mtaro wetu wenyewe, kuna kosa?

Kusafisha hakuna kosa. Kuchimba mpya ongeeni kwanza na TARURA, kwa sababu mtaro unaopeleka maji kwa jirani unageuka kesi, na mara nyingine koleo linakuta bomba la maji. Mkikubaliana, ombeni waweke kalavati na nyinyi mtoe nguvu kazi. Mpango wa namna hiyo hupita haraka kuliko ombi la mtaro mzima.

22. Maji yetu yanatoka halmashauri jirani. Nani ataitisha kikao?

Mkuu wa wilaya, ikiwa halmashauri zote ziko wilaya moja, kama ilivyo kwa manispaa ya Mtwara-Mikindani na wenzake wa wilaya. Zikiwa wilaya mbili, ni sekretarieti ya mkoa. Barua itoke kwa mtendaji wa kata, iwe na picha za juu na za chini, na itaje jina la bonde kama watu wa pande zote mbili wanavyoliita.